Pasaka Lushoto kwa bumu lililobaki
Ukishuka Mombo Ijumaa Kuu jioni, usishangae nauli. Wasambaa wa Dar nao wanarudi kwao siku hiyohiyo, na mlima ni kona tupu, kama kilomita 33. Bora basi la moja kwa moja, ukate tiketi mapema.

Mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakapanda huko kukimbia joto la pwani. Wewe beba sweta, maana Pasaka ni masika, na baridi ya Lushoto haina utani. Irente nenda kwa miguu, ni bure mpaka getini. Ukifika ukingoni, Mazinde iko chini kabisa.

Ila nauli ya kurudi itenge kwanza, hata kabla ya chumba. Jumatatu mabasi yanajaa, na Jumanne kuna testi.