Kabla Hujafunga Tabo kwenye 1HZ Yako

Katoro, mkoani Geita, ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe lipo mita 1,134, na ukitoka ziwani kupitia Geita mpaka Katoro ardhi inainuka. Wenyeji hawauoni huo kama mlima, lakini injini inauona. Presha ya hewa pwani ni baa 1.01, Katoro ni kama baa 0.88. Kwa injini isiyo na tabo, maana yake ni kwamba kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa inapata pungufu ya karibu asilimia 13 ya ile ambayo ingeipata Dar es Salaam, na hakuna ujanja wa dereva unaoweza kuirudisha.

Naanzia hapo kwa sababu wenye Land Cruiser Hardtop na zile pikapu tunazoziita mkonga, zenye injini ya dizeli ya 1HZ, wanauliza swali moja kila siku: nifunge tabo kwenye 1HZ? Gari linabeba mapipa ya dizeli, mifuko ya mawe na watu juu, linaingia barabara ya vumbi kuelekea maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, na kwenye mwinuko linabaki gia ya pili huku likitoa moshi mweusi. Fundi wa jirani ana tabo iliyovuliwa kwenye gari jingine na anasema kazi ni ya siku mbili. Jibu langu linategemea unaitaka tabo ya nini. Ukiitaka ikurudishie hewa ambayo mwinuko umekunyima, tunaweza kuzungumza. Ukiitaka ili 1HZ ikimbie kama gari jipya lililotoka kiwandani na tabo, utaiua.

1HZ ilitoka mwaka 1990. Ina silinda sita, cc 4,164 na nguvu za farasi kama 130, na pampu yake ya dizeli ni ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Ndiyo maana halmashauri, hospitali, mashirika na kampuni za utafiti wa madini zimeing'ang'ania miaka yote hii. Mwaka huohuo Toyota ilitoa ndugu yake, 1HD-T, yenye tabo na farasi zaidi ya 160. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 94, na mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 100. Ukizitazama kwa nje unaweza kusema ni injini moja. Zifungue. Kompresheni ya 1HZ ni 22.4 kwa 1; ya 1HD-T ni 18.6. Kwenye 1HZ dizeli inapulizwa ndani ya kichumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, moto unaanzia humo ndipo utoke kwenda kwa pistoni. Kwenye 1HD-T nozeli inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, na pistoni yenyewe imechongwa bakuli la kupokea moto huo. Toyota walipotaka injini ya tabo hawakuichukua 1HZ wakaibandika tabo. Walibadilisha hedi, pistoni na pampu. Mwenye kiwanda anaijua injini yake kuliko mimi na wewe.

Tabo yenyewe ni kifaa cha zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwa kasi kwenye ekzosi uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu la pili kwenye shafti hiyohiyo lisukume hewa safi kuingia kwenye injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini jaribio linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa ni la Sanford Moss wa kampuni ya General Electric. Mwaka 1918 alipanda na injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita zaidi ya 4,300. Chini, injini ile ilikuwa na farasi 350. Kileleni bila tabo ilishuka hadi kama 230. Walipoiwasha tabo, ikarudi 356. Hawakuwa wanatafuta injini yenye nguvu kupita kiasi. Walitaka hewa nyembamba isiwaibie nguvu waliyokuwa nayo.

Turudi Katoro. Moshi mweusi wa 1HZ kwenye mwinuko ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzia. Pampu ikiwa imepangwa kwa hewa ya pwani na haina kifaa cha kupunguza dizeli huku juu, inamwaga kiasi kilekile kwenye hewa iliyopungua. Dizeli isiyoungua vizuri inapandisha joto la ekzosi. Sasa funga tabo ya presha ndogo, baa 0.5, yaani kama psi 7, na usiguse pampu. Hewa inaongezeka, moshi unapungua, na joto la ekzosi linaweza kushuka badala ya kupanda. Wengi hawaamini wakisikia hivyo kwa sababu wamezoea kuona tabo na injini iliyokufa vikiongozana. Injini hizo aghalabu hazikuuawa na hewa. Ziliuawa na skrubu.

Nyuma ya pampu ya 1HZ kuna skrubu ya kuongeza dizeli. Fundi akishafunga tabo, mwenye gari anaijaribu, anasema ni kweli imechangamka lakini alitarajia zaidi. Fundi anachukua spana, analegeza nati, anaizungusha skrubu kidogo. Gari linaruka. Kila mtu anafurahi, malipo yanatolewa. Wiki kadhaa baadaye, likiwa na mzigo mzito kwenye mwinuko mrefu, joto la ekzosi linapita nyuzi 700 na kuendelea, na dereva hana habari, kwa sababu geji ya rejeta inaonyesha joto la maji tu, na maji huchelewa sana kupata taarifa. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ile iliyochanganywa kutengeneza pistoni huanza kulainika chini ya hapo. Pistoni haiyeyuki papo hapo kwa sababu oili na hewa mpya vinaipoza kila mzunguko, ila ina kikomo. Kikipitwa, kingo za ringi zinavunjika, hedi inapata ufa, na unaanza kusikia kwamba tabo ni mbaya.

Kuna jambo lingine ambalo hata psi 7 haiondoi. Hewa ikisukumwa inapata moto. Mchana wa nyuzi 30, hewa inayotoka kwenye tabo ya presha hiyo hufika karibu nyuzi 90. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo faida halisi inabaki kama asilimia 30 juu ya ulichokuwa unapata Katoro bila tabo, ambayo ni kama asilimia 13 tu juu ya hewa ya pwani. Kwa injini ya kompresheni ya 22.4, mimi nasema hapo panatosha. Ukiweka intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, unapata nafuu, lakini iweke ili injini ipumue vizuri, usiitumie kama ruhusa ya kupandisha presha hadi psi 15.

Kwenye ufungaji, nitakaa kwenye jambo moja linaloharibu tabo nyingi: oili. Tabo inalishwa oili kwa bomba jembamba linalochepushwa kwenye njia ya oili ya injini, kisha oili inarudi kwenye sampu. Bomba la kurudi halisukumwi na pampu; oili inashuka kwa uzito wake. Kwa hiyo liwe nene, literemke moja kwa moja bila kona ya kupanda, na liingie sampu juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba au likipinda, oili inajaa ndani ya tabo, inavuka sili na kuingia kwenye ekzosi, gari linatoa moshi wa bluu na fundi anasema umeuziwa tabo mbovu. Upande wa kuingiza, tazama mikono ya fundi anapopaka silikoni kwenye flenji. Ile inayobonyea ndani hukauka, hukatika, na kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha kuziba tundu la oili. Shafti inayozunguka mara 100,000 kwa dakika haisubiri ugundue. Pale panapohitaji gasketi, silikoni kaa nayo mbali.

Kisha vumbi. 1HZ ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 5,000 za hewa kila dakika, na ukiweka tabo inavuta zaidi. Vumbi la kuzunguka makarasha yetu ya kusaga mawe limejaa kwatsi iliyosagwa, jiwe gumu kuliko chuma cha silinda. Bomba la hewa lililoungwa kwa mpira wa ndani wa tairi na waya, likavuja mbele ya tabo, linaingiza unga huo moja kwa moja kwenye mapezi ya gurudumu na kwenye silinda. Funga vibano vya kweli, na eakilina ikaguliwe kila jioni kama gari linafanya kazi maduarani.

Wenye injini za kuendeshea karasha nawaambia msifunge kabisa. Gari lina mteremko, lina foleni ya sokoni, lina muda wa kupumua. Karasha inakaba injini kwa mzigo uleule tangu asubuhi hadi jioni, na joto halipati nafasi ya kushuka.

Na vijana wa IST na Vitz? Injini ya 1NZ-FE inayofungwa kwenye magari hayo ina kompresheni ya 10.5 kwa 1 na inatumia petroli, ambayo ikibanwa na kupashwa moto kupita kiasi inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inatoboka. Kompyuta yake nayo haikuandikwa kwa ajili ya tabo. Tazameni Starlet ya zamani: 4E-FE isiyo na tabo ina kompresheni ya 9.6, na 4E-FTE yenye tabo, ukubwa uleule wa cc 1,331, waliishusha hadi 8.2. Mkitaka tabo kwenye petroli, nunueni injini iliyozaliwa nayo, pamoja na kompyuta na nyaya zake.

Ushauri huohuo unamfaa mwenye Hardtop anayehitaji nguvu nyingi kweli: tafuta 1HD-T kamili, ukague klachi na giaboksi, na ukishabadili injini nenda TRA namba mpya iandikwe kwenye kadi ya gari.

Anayebaki na 1HZ yake na tabo ya psi 7, nunua kwanza geji mbili: ya presha ya tabo, na ya joto la ekzosi yenye kihisi kilichofungwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye manifodi kabla ya tabo. Mfundishe dereva kwamba sindano ikikaribia nyuzi 700 anaondoa mguu na kurudi gia ya chini, hata kama abiria wanapiga kelele. Fundi akikwambia geji ni mapambo, mpe mkono wa kwaheri utafute mwingine. Na kama pesa ya geji haipo, basi ya tabo pia haijapatikana, subiri.