Kushika Njia Porini

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: UPANDE, KIVULI, ALAMA. Mtu akiyajua maneno hayo, aweza kuokoa maisha yake.

Wewe unayesikiliza hapo Maganzo labda wasema, "Mimi nitapoteaje? Nchi yetu ni wazi." Kweli. Hapo jicho hufika mbali, na ukiikuta barabara ya Shinyanga na Mwanza, umefika nyumbani. Lakini wengi wenu, au vijana wenu, huenda Geita kutafuta dhahabu, au Biharamulo kutafuta asali. Huko kuna mapori ya miombo. Ukiiacha njia hatua hamsini tu, huioni tena.

Kwa nini mtu hupotea? Si kwa kuwa hana akili. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za jaribio lao. Watu walitakiwa waende kwa miguu moja kwa moja, wengine katika msitu wa Ujerumani, wengine katika jangwa la Sahara, nchi ya Tunisia. Walioliona jua walikwenda karibu sawasawa. Lakini wale wa msituni ambao jua lao lilifichwa na mawingu walizunguka, wakaikata njia yao wenyewe bila kujua. Basi, miguu peke yake haijui kwenda sawa. Yahitaji kuongozwa na macho.

Neno la kwanza ni UPANDE. Wazee wa Kisukuma wana majina ya pande zote nne: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Kabla hujaingia porini, jiulize: barabara iko upande gani? Ukiiacha barabara dakama ukaenda sukuma, basi kurudi kwako ni dakama. Mwambie na mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini.

Neno la pili ni KIVULI. Asubuhi jua liko mashariki, na kivuli chako huanguka magharibi. Jioni ni kinyume chake. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, nawe waweza kudanganyika. Wakati huo simika fimbo mahali palipo sawa. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Ngoja robo saa, kisha weka jiwe la pili mahali ncha ilipohamia. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili liko mashariki.

Neno la tatu ni ALAMA. Chagua mti mkubwa au jiwe kubwa lililo mbele yako, uliendee. Ukifika, chagua jingine. Kila mara geuka utazame nyuma, maana njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Funga vipande vya kitambaa kwenye matawi. Usimenye gome la mti kuuzunguka, mti utakufa.

Je, ukiwa umekwisha potea? Simama! Anayepotea hutaka kukimbia, na kukimbia humzidishia upotevu. Kaa kivulini, kunywa maji kidogo, kumbuka alama ya mwisho uliyoiona. Ukiwa na simu na mtandao unapatikana, piga mara moja, betri isije ikaisha. Kama huna, piga filimbi au ukelele mara tatu, pumzika, kisha rudia tena. Wanaokutafuta watajua kuwa si mchungaji anayeita ng'ombe.

Giza likiingia, usitembee. Katika nchi ya dhahabu kuna maduara ya zamani yaliyoachwa wazi, na nyasi zimeyafunika midomo. Aliyekaa chini ya mti usiku kucha ataona baridi na mbu, lakini asubuhi ataliona jua, na jua litamwonyesha kiya.

Sasa jibuni kwa maandishi:
1. Saa mbili asubuhi kivuli chako kiko mbele yako. Unakwenda upande gani?
2. Kwa nini tunatazama nyuma?
3. Toka darasani sasa, mchana huu, usimike fimbo. Mashariki ni wapi?

Mwenye kujua kusoma amsaidie jirani yake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.