Chujio Likiziba, Mapafu Ndiyo Huchuja

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu hutoka Kibera kwa miguu, wengine wakiifuata reli, kwenda kusaka kibarua Eneo la Viwanda, Nairobi. Wa Kawangware nao huingia kwa majirani zao wa Lavington kusafisha maofisi na maduka. Miongoni mwao wamo vijana wetu wa Pwani. Wakipiga simu nyumbani twawauliza kama wamekula na kama wamelipwa. Hewa wanayovuta kazini hatuiulizi.

Jengo lililofungwa madirisha hupumua kwa mashine. Kiyoyozi huvuta hewa, huipitisha kwenye chujio, huipooza, kisha huirudisha vyumbani. Kiwandani hutakiwa pia mashine ya kunyonya vumbi pale pale linapotoka, iwe ni kwenye msumeno au kinu cha unga. Vumbi kubwa huzuiwa na pua. La hatari zaidi ni lile la mikroni 2.5 kushuka chini, ambalo unywele wa mtu ni mnene kulishinda mara 30 hivi. Hilo hufika ndani kabisa ya mapafu.

Sasa chujio likijaa taka, hewa hukosa njia. Feni hulemewa, bili ya stima hupanda, na hewa hujipenyeza kwenye mianya ya pembeni bila kuchujwa. Maji yakituama kwenye trei ya kiyoyozi, kuvu huota na kusambazwa vyumbani. Mwenye jengo aliyekwepa bei ya chujio jipya hulipa kwa stima na kwa mota iliyoungua. Mfanyakazi hulipa kwa kifua chake.

Karakana moja ya useremala niliyoingia Kawangware ilikuwa na feni ya kutoa vumbi ukutani, mapanga yake yamevaa unga wa mbao kama manyoya. Ilizunguka kwa kelele, lakini karatasi ya shashi niliyoisogeza kwenye tundu lake haikuvutwa. Hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote aweza kukifanya: karatasi isiposhikwa, mashine hainyonyi. Na vumbi la mbao si la kupuuzwa, kwani taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliorodhesha kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe hewa safi inazunguka mahali pa kazi. Inataka ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12, na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati hiyo ndiyo ya kuuliza: chujio lilibadilishwa lini, na nani?

Sisi wa Mombasa twajua gharama ya kunyamaza. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu uliwatia sumu ya risasi watu wa Owino Uhuru. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaja kuirejesha amri hiyo Desemba 2024. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pale hata ukuta haukurudisha afya ya mtu.

Kwa hivyo anayesimamia jengo au karakana aweke kadi kando ya kila mashine, yenye tarehe ya kusafishwa na jina la fundi. Penye vumbi jingi chujio litazamwe kila wiki, maofisini kila mwezi. Mashine izimwe kwanza, fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa, na chujio kuukuu litiwe mfukoni lifungwe. Dini yetu yakataza kudhuru, na kumlipa mtu ujira wake kwa wakati hakuhalalishi kumvutisha vumbi.