Chumba Kisichoingiwa na Moto

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Lakini hawakutuambia daftari lenyewe tuliweke wapi ili nalo lisipotee. Hilo ndilo nitakalojaribu kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, ninyi mlio darasani na wenzangu tuliokwisha kuondoka.

Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa kazi yangu ni kuchora ramani za majengo hapa Kampala. Mwaka jana Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akanionyesha kabati la mbao lililojaa vitabu vya majina. Ndani yake yumo kila mvulana aliyepata kuingia shuleni: jina la baba yake, siku aliyofika, alama zake na siku aliyoondoka. Juu ya kabati palikuwa na kompyuta, na diski moja yenye habari za miaka ya karibuni.

Tulipokuwa tukizungumza, aliingia mzee mmoja aliyesoma hapa zamani. Cheti chake kilikuwa kimepotea, naye alitaka barua ya kuthibitisha masomo yake ili apate malipo yake ya uzeeni. Karani akafungua kitabu, jina likaonekana. Yule mzee aliweka kidole juu ya jina lake, akakaa kimya kitambo. Alipokwisha kutoka, Mwalimu Mkuu akaniambia, "Mwanangu, nichoree chumba ambacho hata nyumba nzima ikiungua, vitabu hivi vitabaki."

Nilikubali mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona moto wafanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliungua. Wakati huo nilikuwa nikikaa Wandegeya, chini ya kilima. Kulipopambazuka tulisimama kwa mbali tukitazama moshi. Kuta zilikuwa bado zimesimama, lakini paa lilikuwa limekwisha kuteketea, na katika ofisi mlikuwa na majivu na maji. Jengo hilo limejengwa upya kwa sura ile ile ya zamani. Lakini karatasi ikiisha kuwa majivu, hakuna fundi awezaye kuijenga upya. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa ukuta kusimama ni jambo moja, na kuhifadhi kilichomo ndani ni jambo jingine.

Sasa na tuutazame moto wenyewe. Mafundi wanapotaka kuupima ukuta, huuwasha moto wa tanuri upande wake mmoja, na joto la tanuri hupandishwa kwa kanuni. Baada ya nusu saa hufika digrii 842 za sentigredi. Baada ya saa moja, digrii 945. Baada ya saa mbili, digrii 1,049. Chuma kitupu hakifai kuwa kinga hapo. Kwanza hupitisha joto upesi, kama mnavyojua mkishika sufuria isiyo na mpini. Na tena kikipita digrii 550 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake.

Zege ni bora. Hupitisha joto polepole, na ndani yake mna unyevu. Unyevu huo hauna budi kugeuka mvuke kwanza, na wakati unapogeuka hula joto jingi. Jasi nayo ni hivyo hivyo: karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungamana nayo, na ndiyo sababu makasha mengi ya kuzuia moto hujazwa vitu vya namna hiyo kati ya mabati yake mawili.

Basi nilichora hivi. Kwanza, mahali. Chumba kiwe chini, juu ya msingi wake chenyewe, wala kisiegemee kuta za nyumba. Kwa maana nyumba ikianguka, isikivute pamoja nayo. Lakini kisiwe shimoni, kwa sababu maji ya mvua na maji ya wazima moto hutafuta bonde.

Pili, kuta na dari. Kwa kanuni za Ulaya za majengo ya zege, ukuta usiobeba mzigo huzuia joto kwa saa mbili ukiwa na unene wa sentimita 12, na kwa saa nne ukiwa na sentimita 17 na nusu. Wangu utabeba dari yake, kwa hiyo niliuchora wa sentimita 20, wenye nondo. Dari iwe ya zege vile vile, nzito ya kutosha kupokea paa la nyumba likiporomoka juu yake.

Tatu, mlango. Hapa ndipo adui hupitia. Ukuta wa saa mbili wenye mlango wa nusu saa ni ukuta wa nusu saa. Mlango uwe umepimwa pamoja na fremu yake, na kandokando yake uwe na utepe maalum ambao ukipata joto huvimba na kuziba mwanya. Tena ufunguke kwa ndani bila ufunguo, mtu asije akafungiwa humo. Kizingiti kiinuliwe kidogo kuzuia maji.

Nne, matundu. Dirisha lisiwepo. Bomba la maji lisipite. Kila tundu la waya wa umeme lizibwe kwa dawa ya kuzuia moto, na tundu la hewa liwe na kifuniko kinachojifunga chenyewe joto likizidi. Swichi ya taa iwe nje, pamoja na taa ndogo nyekundu ya kukumbusha kwamba ndani kunawaka. Asiachwe mtu kuchaji simu humo. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, usipoziba ufa ukuta umejengwa bure.

Nilipomaliza nilijisifu moyoni. Nikampelekea ramani fundi mkuu mmoja mzee aliyenifundisha kazi. Akaitazama sana, kisha akauliza, "Kijana, hiyo diski utaiweka wapi?"

Nikajibu, "Humo humo, Mzee, pamoja na vitabu."

Akasema, "Ukuta huu ukishinda mtihani wa saa mbili, upande wa ndani utakuwa na joto gani?"

Nikanyamaza. Kanuni ya mtihani huuruhusu upande usio na moto upande kwa wastani wa digrii 140 juu ya joto la kawaida. Hapa kwetu Kampala, siku yenye digrii 25, ukuta ulioshinda waweza kuwa na digrii 165 kwa ndani! Karatasi yaweza kuvumilia: makasha ya karatasi hupimwa ili ndani yasizidi digrii 177. Lakini kwa kanda za sumaku mpaka ni digrii 66, na kwa diski laini za zamani ni 52. Tena vitu hivi huharibiwa na mvuke, na mvuke ndio ule ule unaotoka katika zege na jasi kuiokoa karatasi. Chumba changu kingaliokoa vitabu vya mwaka wa kwanza wa shule, na kuua habari za mwaka jana.

Nikarudi mezani. Rafu nilizisogeza sentimita 10 kutoka ukutani, na kuziinua juu ya sakafu. Nikaweka nafasi ya kasha dogo la namna ya pekee, lililotengenezwa kwa ajili ya diski na kanda, ndani ya chumba. Na juu ya hayo nikamwandikia Mwalimu Mkuu shauri ambalo haligharimu saruji hata mfuko mmoja: nakala ya pili ya diski ikae mbali na shule, juu ya kilima kingine. Kampala ina vilima vingi, wala moto mmoja hauwezi kuvichoma vyote. Vitabu navyo vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala ziende huko huko.

Neno moja la mwisho juu ya subira. Baada ya moto mkubwa wa San Francisco mwaka 1906, wenye mabenki walingoja siku nyingi kabla ya kufungua vyumba vyao vya hazina. Walijua kuwa karatasi iliyo moto sana ikipata hewa mpya huweza kuwaka papo hapo. Kwa hiyo chumba kikishinda moto, kiacheni kipoe kabisa.

Chumba chetu bado ni mistari juu ya karatasi, na fedha zake bado kupatikana. Lakini kazi ya kupiga picha vitabu haina haja ya kungoja fedha nyingi. Imekwisha kuanza, na wavulana wa kidato cha tatu wanaifanya kila Jumamosi. Ninyi wenzangu wa zamani, leo jioni tazameni vyeti vyenu viko wapi. Kama viko katika sanduku chini ya kitanda, basi yule mzee aliyeweka kidole juu ya jina lake ni ndugu yenu.