Stima, minara na saratani ya damu ya watoto

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Waiyaki hadi Kangemi, utaona minara ya simu juu ya maghorofa, na nyaya za stima zikipita karibu kabisa na roshani zilizoanikwa nguo za watoto. Wazazi wa mitaa hiyo wana hofu kwamba vitu hivyo vitawaletea watoto wao saratani ya damu. Hofu hiyo ina chanzo, nayo inastahili jibu la kweli.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mnara wa simu hutoa mawimbi ya redio. Waya wa stima hutoa uga wa sumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Vyote viwili havina nguvu ya kuikata DNA kama eksirei. Na ingawa mnara ndio unaoogopwa zaidi, ushahidi unaozungumziwa kuhusu saratani ya damu ya watoto unatokana hasa na waya.

Mjadala ulianzia Denver, Marekani, mwaka 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipoeleza kwamba watoto waliofariki kwa saratani waliishi kwa wingi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa. Mwaka 2000 tafiti kadhaa zilijumlishwa pamoja. Watoto ambao wastani wa uga nyumbani kwao ulifikia mikrotesla 0.4 walionekana kuwa na hatari mara mbili ya kupata saratani ya damu, lakini hao hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon likauweka uga huo katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mawimbi ya redio yaliingizwa kundi hilo hilo mwaka 2011.

Mara mbili inatisha mpaka ujue ni mara mbili ya nini. Katika nchi zenye rekodi nzuri, saratani ya damu huwapata watoto 4 au 5 kati ya 100,000 kwa mwaka. Ukizidisha, wanakuwa 8 hadi 10.

Kilichonishawishi zaidi ni utafiti wa Uingereza. Mwaka 2005 Gerald Draper na wenzake wa Oxford waliona ongezeko la saratani ya damu kwa watoto waliozaliwa ndani ya mita 200 kutoka laini kubwa za umeme. Lakini ongezeko dogo lilionekana pia hata kufikia mita 600, mahali ambapo uga wa laini hauna uzito wowote. Takwimu ziliporudiwa mwaka 2014, ongezeko lilikuwa la waliozaliwa miaka ya 1960 na 1970. Kwa waliozaliwa baadaye halikuonekana, na laini zilikuwa bado zinabeba umeme. Kama sumaku ndiyo ingekuwa sababu, isingeacha kufanya kazi. Naamini kulikuwa na jambo jingine, pengine aina ya watu waliohamia sehemu hizo.

Uga wenyewe hufifia upesi. Pasi ya umeme, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ikiwa sentimita 3 kutoka mwilini hutoa mikrotesla 8 hadi 30. Ukisogea sentimita 30, ni 0.12 hadi 0.3. Kufikia mita moja, ni 0.01 hadi 0.03. Kwa hiyo kwenye ploti ambako mita za stima za wapangaji wote zimepangwa ukuta mmoja, ikiwa mtoto analala upande wa pili wa ukuta huo, kisogeze kitanda. Hakuna gharama. Stika za kuzuia mionzi zinazouzwa kwa ajili ya simu, usizinunue.

Laini ya kilovolti 132 huachiwa ukanda wa mita 30 usiojengwa, na kujenga humo ni hatari, ila hatari yake ni kupigwa na stima na moto. Vivyo hivyo kwa stima ya sambaza, yaani ya kuunganishwa kinyume cha sheria, inayopita juu ya mabati ya Kibra. Nyaya hizo zinaua, tena papo hapo, na hilo linaniuma kuliko mnara wowote.

Saratani ya damu yenyewe inatibika. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30, kwa sababu wanafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, au matibabu yanaachwa pesa zinapoisha. Mtoto mwenye homa inayorudi kila baada ya dawa ya malaria, aliyepauka, anayetokwa damu kwenye fizi, mwenye mavilio bila kuanguka, au anayelia mifupa inamuuma usiku, aombewe kipimo cha kuhesabu chembechembe za damu. Hospitali ya Mbagathi hukifanya. Kikionyesha kasoro, mtoto hupelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kuchunguzwa uboho.