Taa ya kona ikikufa, kahawa inamwagika



Mara nyingi katika gazeti hili ninawaandikia juu ya matandazo, mbolea ya kuoza na magonjwa ya kahawa. Leo ninaomba munivumilie kidogo: nitaandika juu ya taa za pikipiki. Sijaacha kazi ya shamba. Ni juu ya magunia mawili ya kahawa nyekundu ambayo yalipasuka ndani ya mfereji mbele ya macho yangu, na kijana aliyeyabeba akalala majuma matatu, mguu umefungwa.

Ilikuwa magaribi, wakati wa mavuno, kwenye barabara kati ya Butembo na Beni. Nilikuwa nimesimama na wamama wa kituo cha kuoshea kahawa, tunangojea mzigo wa mwisho. Munajua kahawa vile iko: ikichumwa leo, inapaswa kumenywa leo leo. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na bei inashuka. Kwa hiyo pikipiki zetu zinatembea saa ile mbaya. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halikawii.

Motari wetu alipofika alitaka kukata kushoto kuingia kituoni. Kwetu tunaendesha upande wa kuume, basi kukata kushoto ni kuvuka njia ya wengine. Nyuma yake lori ilikuwa imeanza kumpita. Yeye alikuwa amewasha taa ya kona, ile wengi wanaita klinyota, lakini ampule ya nyuma ilikuwa imekufa. Ile ya mbele ilikuwa inapepesa vizuri, lakini mutu wa nyuma hawezi kuiona. Aliposikia honi akajitupa mferejini. Mungu alisaidia, lori haikumugusa. Dereva alishuka akitetemeka, akasema: «Wamama, mimi sikuona kitu. Hakukuwa taa.» Na kweli hakukuwa.

Ampule ile ni kitu kidogo sana, lakini kilitugharimu kazi ya siku nzima ya familia mbili.

Juu ya nini ampule zetu zinakufa haraka

Ampule ya zamani iko na uzi mwembamba wa chuma ndani. Umeme unapopita, uzi unapata moto na kutoa mwanga. Sehemu kubwa ya umeme inageuka joto, sehemu kidogo tu inakuwa mwanga. Ule uzi haupendi kutikisika. Barabara zetu munazijua: mashimo, mawe, na gunia la kilo makumi nyuma. Uzi unakatika.

Tena, pikipiki ndogo haitoi umeme mwingi. Mukishuka mulima polepole, motere inazunguka kidogo, bateri ndiyo inabeba kazi yote. Ikiwa bateri imechoka, taa inakuwa ya manjano kama kaa la moto, na kupepesa kunalegea.

LED ni aina nyingine. Haina uzi, mwanga unatoka kwenye kipande kidogo kigumu. Inavumilia mutikisiko na inakula umeme kidogo. Hesabu ni hii: pikipiki nyingi za kazi ziko na ampule za kona za wati 10. Upande mumoja ni ampule mbili, mbele na nyuma, basi wati 20. Ukiweka LED za wati 2, upande ule unakula wati 4 tu. Bateri inapumua.

Kwa hiyo LED ni kitu kizuri. Lakini kununua ampule na kuichomeka haitoshi. Sisi wenyewe tulijifunza hivyo kwa kukosea.

Kosa letu la kwanza: taa zilianza kukimbia

Kisha ile ajali, koperative ilinunua ampule ine za LED, fundi wa garaji akaziweka kwa dakika kumi. Tulipowasha kona, taa zikapepesa haraka haraka kama mutu mwenye homa. Motari akaona aibu, akaacha kabisa kuzitumia. Basi tulikuwa tumelipa feza ili turudi pale pale.

Nilitafuta fundi mwingine anayeelewa umeme, nikakaa naye nusu siku. Alinionyesha rele: kile kisanduku kidogo kinacholia tik-tak chini ya kiti ao nyuma ya taa kubwa. «Bwana agronomi,» akaniambia, «rele hii imezoea kubeba mzigo. Ukiinyanganya mzigo, inachanganyikiwa.»

Ni kweli. Rele ya zamani imepimwa kwa ampule za uzi. Umeme mwingi ukipita, inakata na kurudisha kwa mwendo wake. LED inavuta kidogo sana, na rele inafikiri kwamba ampule moja imekufa. Zingine zinakimbia, zingine zinaacha taa iwake tu bila kupepesa.

Kuna njia mbili za kutengeneza:

1. Kubadirisha rele na kuweka rele ya elektroniki iliyofanywa kwa LED. Haiangalii mzigo, inahesabu wakati tu. Hii ndiyo njia ninayowashauri.

2. Kuongeza rezistansi kwenye waya za kila upande, ili ivute umeme kama ampule ya zamani. Inatumika, lakini inakula tena ule umeme tuliotaka kuokoa, na inapata moto sana. Ikigusa plastiki ao waya, inaunguza.

Mbele ya kununua rele, angalieni ile ya zamani iko na vichwa vingapi, viwili ao vitatu, na herufi zilizoandikwa pale. B ni umeme unaotoka kwa bateri, L ni umeme unaoenda kwa taa, E ni waya wa chini. Rele ya elektroniki ikigeuzwa vichwa, haitafanya kazi na inaweza kufa.

Kosa la pili: taa zote ine zikawaka pamoja

Kwa pikipiki yetu ya pili, rele ilikuwa nzuri, lakini ukiwasha kushoto, na kuume nako kunapepesa. Hii ni hatari kuliko kukosa taa, maana mutu wa nyuma hajui unaenda wapi.

Sababu iko kwenye tablo. Pikipiki zingine ziko na kataa kamoja tu ka kuonyesha kona, ka pande zote mbili. Kataa hako kamefungwa katikati ya waya wa kushoto na waya wa kuume. Umeme kidogo unapitia pale na kufika upande wa pili. Ampule ya uzi haikuweza kuwaka kwa umeme kidogo vile, lakini LED inaweza.

Dawa yake ni diodi mbili, kitu kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mumoja tu. Diodi moja inatoka kwa waya wa kushoto, ingine kwa waya wa kuume, zote mbili zinakutana kwenye waya mumoja wa kataa ka tablo. Upande wenye mustari unatazama kataa. Waya wa pili wa kataa unafungwa kwenye chuma cha pikipiki. Diodi zinazoitwa 1N4007 zinatosha, na wanaotengeneza redio wanazo. Ikiwa tablo yenu iko na vitaa viwili, kimoja cha kushoto na kimoja cha kuume, shida hii hamutaiona.

Namna ya kuchagua ampule

Piesi nyingi zinaingia kwetu kupitia Kasindi, na sokoni kuna nzuri na mbaya, zote ndani ya karatasi ya kungaa. Musitazame karatasi. Fanyeni hivi:

– Beba ampule ya zamani mukononi. Kitako kipya kifanane na kile, na volti ziwe zile zile, 12 kwa pikipiki nyingi.

– Chukua LED yenye rangi ya machungwa. LED nyeupe nyuma ya kioo cha machungwa inatoa rangi ya kupauka.

– Tazama vile vipande vya mwanga vimepangwa. Ampule ya uzi inaangaza pande zote, kioo cha ndani kinasambaza mwanga. LED yenye mwanga kwa kichwa tu inaonekana ukiwa nyuma kabisa, lakini mutu akiwa pembeni haoni. Tafuta yenye mwanga kwa kichwa na kwa mbavu.

– Ukiiweka na haiwaki, igeuze kwanza mbele ya kusema imekufa. LED zingine ziko na upande wa plus na upande wa minus.

– Omba muuzaji akuwashie kwa bateri mbele ya kulipa. Akikataa, enda kwa mwingine.

Tena, mbele ya kubadirisha kitu chochote, safisha waya wa chini. Kutu na matope pale ndiyo yanaua taa nyingi wakati wa mvua. Nimeona motari ananunua ampule tatu, kumbe shida ilikuwa kutu ya kukwangua na kisu.

Jaribu mbele ya kulipa fundi

Zima motere, fungua kontakti, washa kushoto. Mutu mumoja asimame hatua makumi tatu nyuma, kisha pembeni. Aone taa ya kushoto tu. Chukua saa ya telefone na uhesabu kupepesa kwa sekunde 30: isipungue mara 30, isipite mara 60. Sheria za kimataifa zinaomba kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Fanya vile vile kuume. Kisha washa motere, ongeza mafuta, uangalie kama mwendo unabaki ule ule. Rudia jaribio mchana jua likiwa kali. Ikiwa LED mupya inaonekana kidogo kuliko ampule ya zamani, irudishe. Kuokoa umeme hakuna maana kama mutu haoni.

Na gunia je?

Hapa nataka kusema na sisi walimaji, sio motari peke yake. Siku moja tulipima taa zetu mupya na pikipiki tupu, tukafurahi. Kisha mama mumoja wa kamati akasema: «Mwanangu, weka kwanza magunia.» Tukafunga magunia mawili pembeni. Taa zote mbili za nyuma zikapotea.

Sisi ndio tunafunga magunia. Sisi ndio tunasema «ongeza tena kidogo». Basi tukubaliane: taa za nyuma zifungwe kwenye chuma kinachozitoa nje ya upana wa mzigo, ao mzigo upunguzwe. Gunia lisining'inie mbele ya taa. Na motari asisahau kuzima kona akimaliza kukata, maana kwa pikipiki nyingi haijizimi yenyewe. Taa iliyosahaulika inadanganya wengine.

Ninaomba kila kamati ifungue daftari ya pikipiki. Andikeni kila ampule inayonunuliwa, siku yake na bei yake. Kisha miezi sita mutajua ninyi wenyewe kama LED na rele yake zimelipa. Na ule munuso wa kuweka magunia mbele ya kupima, muufanye kwa barza inayokuja, watu wote wakitazama.

Kijana wetu amepona, amerudi barabarani. Kila magaribi, mbele ya kutoka shambani, anafunga mzigo, anawasha kushoto, anawasha kuume, na mulimaji mwenye kahawa anasimama nyuma na kuangalia. Ni dakika moja tu.

Kazi njema, na mavuno yafike.