Maharagwe Bila Magadi, kwa Makaa Kidogo

Haya ni yenu, akina mama, na nyinyi nyote mnaolea watoto huko Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Leo tuzungumze juu ya sufuria ya maharagwe.

Kliniki akina mama wengi huniambia, "Sista, maharagwe tunayapenda, lakini yanatumalizia makaa." Basi mtoto anapewa ugali na mchuzi, au chai na mkate. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati cha kuujenga. Mtoto akilishwa hivyo kila siku, damu hupungua, huugua mara kwa mara, na kimo hakiongezeki.

Kwa nini maharagwe hukawia? Maji ya visima vingine vya huku kwetu ni magumu, nayo huyachelewesha kulainika. Ndiyo sababu wengi hutia magadi. Ni kweli magadi hulainisha, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Tena magadi ya Ziwa Magadi yana floraidi, madini ambayo yakizidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto anayekua, na hata kudhoofisha mifupa. Visima vingine tayari vina floraidi nyingi, na kuchemsha maji hakuiondoi. Tusiiongeze.

Fanya hivi. Jioni chagua maharagwe, yaoshe, kisha uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mengine. Kama una maji ya mvua, yawekee kazi hii. Yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10. Hatua hii usiiruke, kwa maana maharagwe mabichi huleta kutapika na kuumwa tumbo. Endelea mpaka nusu saa iishe.

Sasa funika sufuria, iepue, uiweke ndani ya kikapu chenye blanketi kuukuu, uizungushie vizuri pande zote na juu. Iache kwa muda wa saa tatu au nne. Joto lake lenyewe litaendelea kuivisha, na makaa yako yamebaki. Kisha irudishe jikoni ichemke tena mpaka maharagwe yalainike kabisa. Hapo ndipo utie kitunguu, nyanya na chumvi. Nyanya ikitangulia, maharagwe hukawia.

Siku ya haraka, pika ndengu. Hizo huiva upesi.

Sukuma wiki ioshe kabla ya kuikata, uipike dakika chache tu. Mboga, nyanya au kipande cha chungwa huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe, yale yanayoongeza damu. Chai huyazuia, kwa hiyo ngojeni kama saa moja baada ya chakula ndipo mnywe.

Na mtoto aliyetimiza miezi 6? Chakula chake kimo katika sufuria hiyo hiyo. Kabla ya kutia chumvi, mtolee maharagwe yaliyoiva, uyaponde pamoja na kiazi au boga mpaka yawe laini na mazito. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe kila mara. Kunyonya kuendelee.

Ukiona viganja vya mtoto vimepauka, au hachezi kama kawaida yake, usingoje. Mlete kliniki apimwe damu.

Pikeni vyema, na tukutane kipindi kijacho.